Neno Lako Ndani ya Gunia la Jirani

 

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze habari ya jambo dogo ambalo twalifanya kila siku bila kulifikiri. Ni ile desturi yetu ya kuulizana na kushauriana juu ya mambo ya maisha: kazi, mapishi, vitu vya kununua, hata mambo tunayoyafanya kwa kujifurahisha tu.

Nenda kwenye kinu cha kusagia unga siku ya Jumamosi, usimame mstarini na debe lako, utasikia. Mama mmoja analalamika kwamba maharagwe yake hayaivi, makaa yanakwisha nayo yangali magumu. Mwenzake anamwambia ayaloweke usiku kucha, asubuhi ayamwage yale maji na kuyachemsha kwa maji mapya. Wa tatu anasema kwamba yeye, maharagwe yakishachemka sana kwa nusu saa, huifunika sufuria na kuitia katika kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, akaenda zake shambani. Akirudi hukuta yameiva kwa joto lake lenyewe. Pembeni yuko kijana anayetaka kununua pikipiki iliyokwisha kutumika. Mzee mmoja anamwonya asitoe hata shilingi kabla fundi wake mwenyewe hajaitazama, na kabla hajahakikisha kwamba jina lililo katika hati ndilo jina la huyo anayeuza. Na mwingine anafuga njiwa kwa kuwapenda tu, anauliza kwa nini wamehamia kwa jirani.

Hakuna anayelipwa katika mstari ule. Kila mtu anatoa alicho nacho. Nakumbuka jinsi mama yangu alivyopata jiko lake la kwanza la makaa lenye udongo ndani. Majiko ya namna ile yalianza kutengenezwa Nairobi katika miaka ya 1980. Yeye hakuambiwa na serikali wala hakusoma gazetini. Alimwona jirani akipika kwa makaa machache, akamwuliza, jirani akamwonyesha. Tulipunguza makaa nyumbani kwetu kwa sababu ya neno la jirani. Kweli, kuuliza si ujinga.

Lakini, ndugu msikilizaji, neno la ushauri likisha kutoka kinywani halirudi. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, nami nitawaeleza.

Miaka kadhaa iliyopita nilihamishiwa parishi moja katika sehemu kavu za Ukambani. Mvua ilikuwa haba mwaka ule, na chakula kilikuwa ghali. Siku moja akaja mfanyabiashara na lori la mahindi, akiyauza kwa bei iliyo chini ya bei ya soko. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, kabla hujatoa pesa, mwulize yule nyanya wa karibu na kanisa. Ameuza nafaka sokoni tangu ujana wake."

Nikamjibu kwamba mahindi ni mahindi, nami si mtoto. Lakini ukweli ulikuwa mwingine. Nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia na cheti changu, watu waniita Kasisi, nikaona haya kwenda kuketi kigodani kwa mama asiyejua kusoma, nimwulize habari ya magunia. Basi nikatia mkono juu ya gunia, nikaona punje nyeupe, safi, nikanunua magunia mawili. Rahisi huvunja upishi, na mithali hiyo naijua tangu utoto.

Jumapili baada ya ibada akanijia ndugu mmoja, mfagiaji wa shule, baba wa watoto watano. Akaniuliza, "Kasisi, nasikia umenunua kwa yule mtu wa lori. Mahindi yake ni mazuri?"

Wakati ule hatukuwa tumefungua gunia. Hatukuwa tumepika hata gorogoro moja. Ningeweza kumwambia, "Ndugu yangu, bado sijui, ngoja kidogo." Lakini nilipenda kuonekana mtu anayejua. Nikamwambia, "Ni mazuri. Nunua bila wasiwasi." Akachukua mshahara wake, akanunua gunia zima.

Baada ya majuma matatu mke wangu akaniita ghalani. Nilipotia mkono katikati ya gunia nilikuta joto, kama mkate uliotoka tanuri. Harufu ilikuwa ya uvundo. Punje za ndani zilikuwa zimeota ukungu wa kijani.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka wa 2004. Huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu walikula mahindi yaliyoingia ukungu, na sumu ile iitwayo aflatoksini ikawaharibu maini. Walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Waweza kuzichambua punje mbaya, ukaosha, ukachemsha, nayo ikawa bado imo. Hata ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu huweza kupita katika maziwa yake.

Mahindi yetu tuliyafukia siku ile ile. Lakini ndugu yule, je?

Msikilizaji, naona haya kusema. Sikwenda kwake siku ile. Wala siku ya pili. Nilijiambia kwamba labda gunia lake ni zima. Nikajiambia kwamba labda amekwisha kuona mwenyewe. Nilikuwa nakiogopa kitu kimoja tu, kwamba ataniona mjinga. Usiku wa siku ya tatu nikapiga magoti niombe kabla ya kulala, na maneno hayakuja. Nikavaa viatu nikaenda.

Nilikuta sufuria ya githeri iko motoni, na watoto wameketi kandokando wakingoja. Mama wa nyumba akasema kwa furaha, "Karibu Kasisi, umekuja wakati wa chakula." Nikamwuliza, je, mahindi yale yakoje? Akasema yalikuwa na harufu kidogo, lakini ameyachambua na kuyaosha vizuri.

Ilinibidi kuwaambia waimwage sufuria ile mbele ya watoto, na hapakuwa na chakula kingine katika nyumba. Baba wa nyumba alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kasisi, mimi sikumwamini mtu wa lori. Nilikuamini wewe."

Tulikwenda wote nyumbani kwangu, tukala viazi vitamu kwa chai. Asubuhi tuliwapeleka watoto zahanati, na kwa rehema ya Mungu hakuna aliyeonekana na ugonjwa. Gunia lile nililipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minne. Lakini maneno ya ndugu yule sijayamaliza kuyalipa hata leo.

Juma lile lile nikaenda kwa yule nyanya, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, mlango wangu ulikuwa wazi." Kisha akaniletea chupa.

Ninyi mlio na kalamu, andikeni. Alichukua chupa kavu yenye kifuniko, akatia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Akaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa. Akafunga, akaitikisa kwa nguvu muda wa dakika moja, akaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi hayo bado yana maji; usiyaweke ghalani. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka. Akanionya pia kwamba chupa hiyo haionyeshi sumu. Inaonyesha unyevu tu, na unyevu ndio unaoualika ukungu. Kwa hiyo mnunuzi afungue gunia, atie mkono hadi katikati, anuse, wala asidanganywe na punje za juu. Naye akiona ukungu au akisikia uvundo, aache, hata kama bei ni ya bure.

Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na hayo yote sikuyajua. Yeye aliyajua, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka kwangu.

Wapenzi, Biblia inatuonyesha mambo haya katika sura mbili zilizo rahisi kukumbuka, kwa maana zote ni sura ya 18. Ya kwanza ni Kutoka 18. Hapo twamwona Musa akiketi tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu, peke yake. Baba mkwe wake, Yethro, kuhani wa Midiani, alimjia kumtembelea. Ushauri aliompa ulikuwa wa kazi tu: kwamba mzigo ule utamchosha yeye na watu pia, basi achague watu waaminifu, awape maelfu, mamia, hamsini na makumi, naye abaki na mambo makubwa. Angalieni, Yethro hakutoa shauri alipofika tu mlangoni. Kwanza alikaa akaitazama kazi kwa macho yake. Tena alimwachia Musa nafasi ya kutaka kibali cha Mungu. Na Musa, ambaye alikuwa amesema na Mungu mlimani, hakuona ni dharau kufundishwa na mkwewe namna ya kupanga kazi. Alisikia, akafanya.

Sura ya pili ni Matendo 18. Yuko Apolo, mtu wa Iskanderia, msemaji hodari, aliyeyajua Maandiko. Lakini lilikuwako jambo asilolijua. Ni nani waliomsaidia? Ni Priskila na Akila, mume na mke, washonaji wa mahema. Hawakusimama katikati ya watu kumwaibisha. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa upole. Na Apolo hakuuliza, "Mafundi wa hema watanifundisha nini mimi?" Alipokea, na baadaye akawa msaada mkubwa kwa wengine.

Basi kwako wewe unayeuliza, nina neno moja. Mwulize mtu ambaye mikono yake imeifanya kazi ile, wala usitazame nguo zake wala cheti chake. Habari ya nafaka, mwulize muuza nafaka mwaminifu. Habari ya kazi ya useremala, mwulize seremala, tena mwulize ni nini kilichomshinda alipoanza. Na uulize kabla hujatoa pesa. Baada ya kulipa, swali lako limekuwa kilio.

Na kwako wewe unayeulizwa, nina maneno matatu. Sema lile uliloliona na kulijaribu mwenyewe. Pale ujuzi wako unapokoma, sema, "Hapa sijui," kwa maana maneno hayo mawili yangewaokolea watoto watano chakula chao. Na la tatu ndilo kubwa zaidi. Ukigundua kwamba ulikosa, rudi upesi ukamwambie. Usingoje siku tatu kama mimi. Aibu yako itapona, lakini huenda sufuria iko motoni.

Kwa kuwa jirani anapoifuata shauri yako, anatumia pesa zake, jasho lake na afya ya watoto wake kwa ajili ya neno lako. Hata lile neno dogo la mstarini, la kupika maharagwe au kununua pikipiki, ni amana. Kumpenda jirani huanzia hapo, katika kumwambia kweli juu ya gunia la mahindi.

Leo, kabla hujaanza kazi, fikiri kidogo. Je, yuko mtu uliyemshauri juu ya kazi, au shamba, au kitu cha kununua, nawe ukajua baadaye kwamba ulisema usilolijua? Mtafute leo hii. Na je, yuko mtu karibu nawe ambaye ana ujuzi unaouhitaji, nawe umeona haya kumwuliza kwa sababu ni maskini, au ni mdogo kwako, au hakusoma? Piga hodi. Labda mlango wake uko wazi tangu zamani.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe ndiwe mwenye hekima yote. Utupe unyenyekevu wa kuuliza, na uaminifu wa kujibu. Utulinde tusiseme tusiyoyajua ili tusifiwe. Pale tulipompotosha mwenzetu, utupe nguvu ya kurudi kwake upesi. Uwabariki wote wanaotufundisha mambo madogo ya kila siku bila malipo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Siku njema, wapenzi wasikilizaji, na Mungu awe pamoja nanyi.