Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuaminiana na Amri za Afya Kaskazini mwa Cabo Delgado



Nimeombwa nizungumzie imani ya wananchi kwa hatua za kujikinga na magonjwa ya mlipuko. Naanzia Pundanhar, maana huko swali hili linauma. Pundanhar ni makao ya posto, yaani tarafa, katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwenye barabara ya vumbi itokayo Palma kwenda Nangade. Ukishika njia ya kaskazini unaufikia mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Mtwara, Tanzania. Eneo hilo ni la Wamakonde, Wamakwe na Wamwani, na Kiswahili kinasikika tangu zamani. Ukoo mmoja huweza kuwa na mashamba upande huu wa mto na makaburi upande ule.

Machi 22, 2020 Msumbiji ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Kesho yake alfajiri waasi waliingia Mocímboa da Praia, wilaya jirani, wakapandisha bendera yao. Aprili 1 ikaanza hali ya dharura ya nchi nzima: nyumba za ibada zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, watu wakahimizwa wabaki nyumbani. Kumbukeni kwamba vita vya waasi hao vilikuwa vimeanza Oktoba 2017, na katika vijiji vingi vya kaskazini watu walikuwa wamezoea kulala porini kwa kuhofia nyumba kuchomwa usiku. Amri ya kubaki nyumbani ilimkuta mtu ambaye nyumba ndiyo anayoikimbia.

Mwezi huohuo wa Aprili, wagonjwa wengi wa mwanzo nchini walionekana Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Palma. Ni kambi yenye uzio na wafanyakazi kutoka nchi nyingi. Nje ya uzio huo walikuwapo wakulima na wavuvi wa Quitupo, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kijiji kipya cha Quitunda ili kuupisha mradi. Mtu aliyeambiwa na afisa kwamba kuhama ni kwa faida yake, kisha leo afisa anamjia na barakoa na kumwambia nayo ni kwa faida yake, ana haki ya kunyamaza na kumtazama kwanza.

Ninalotaka kulisema usiku huu ni hili. Tunapokuta watu wanakataa chanjo, klorini au barakoa, sisi wasomi tunakimbilia kusema hawajaelimishwa. Tunachapa mabango, tunakodi gari la matangazo. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi mwananchi anaijua hoja yetu vizuri, ila hamwamini anayeileta, na ana sababu zake. Imani kwa amri ya afya hujengwa, au hubomolewa, miaka mingi kabla ya ugonjwa kufika, na mahali pasipohusiana na afya kabisa: kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye fidia ya shamba, kwenye mkutano wa hadhara. Jimbo hili lina Mueda, ambako Juni 16, 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno kutaka wasikilizwe, wakapigwa risasi. Wajukuu wa waliokuwapo siku ile bado wanaitwa mikutanoni.

Tazameni kipindupindu. Kwa zaidi ya miaka 20, Nampula na Cabo Delgado zimeshuhudia watu wakiwavamia wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji, wakiwatuhumu kwamba wao ndio wanaoutia ugonjwa visimani. Mwanasosholojia Carlos Serra aliliandikia kitabu jambo hili, na akakataa kulifanya kichekesho cha washamba. Fikirini lilivyo kijijini: mwaka mzima haji mtu kutengeneza pampu. Mvua zinakuja, watoto wanaanza kuharisha, ndipo linafika gari jeupe. Anashuka kijana asiyejua lugha, ana glavu, anamimina kimiminika chenye harufu kali kwenye maji ambayo jana hayakumshughulisha mtu yeyote. Wiki hiyohiyo wanakufa watu. Anayeunganisha mambo hayo mawili amekosea kuhusu bakteria, lakini hakukosea kwamba gari lile huja na msiba tu.

Na kosa hilo linaua. Aprili 7, 2024 mashua ya kuvulia samaki iliyobeba watu wapatao 130 ilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, ikitoka Lunga. Walikuwa wakikimbia baada ya uvumi wa kipindupindu kuenea. Walikufa zaidi ya 90, wengi wao watoto. Maji ya bahari yaliwaua watu waliokimbia maji ya kunywa. Siwezi kulitaja jambo hili kwa sauti ya kawaida, na sidhani kama inafaa.

Wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili wa Kongo Mashariki wana somo kubwa hapa. Septemba 2018, Ebola ikiwa imeshika Beni na Butembo, watafiti waliwahoji watu 961. Robo walisema Ebola haipo. Waliokuwa na imani na viongozi wa mahali pao hawakuzidi theluthi moja, na wasio na imani hiyo ndio waliosita zaidi kuchanjwa. Wengi hukomea hapo kwenye takwimu. Mimi nawaomba mwende hadi Desemba 26 mwaka uleule, Tume ya Uchaguzi ilipotangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Kesho yake waandamanaji wa Beni walikivamia kituo cha kupokelea wanaoshukiwa kuugua. Kisha, Desemba 30, wakafanya uchaguzi wao wenyewe wa mfano. Walipanga foleni, na kabla ya kutumbukiza karatasi walinawa mikono. Watu haohao walioitwa wakaidi wa Ebola! Sabuni hawakuwa na ugomvi nayo. Walichokataa ni ugonjwa kugeuzwa kisingizio cha kuwanyang'anya sauti.

Katika mji huohuo wa Beni shirika la tiba la ALIMA lilitumia vyumba vya kutibia vyenye kuta za plastiki angavu. Daktari husimama nje, akaingiza mikono kwenye glavu zilizounganishwa na ukuta, akamhudumia mgonjwa. Ndugu naye husimama hapo hapo. Anamwona mtoto wake, anaongea naye, anaona sindano inaingia wapi na uji unanywewa kiasi gani. Kabla ya hapo mgonjwa alichukuliwa nyuma ya turubai, na mara nyingi kilichorudi ni mfuko uliofungwa. Ukuta ule wa plastiki ulijibu swali ambalo mabango hayakuwahi kulijibu: mnawafanya nini watu wetu huko ndani?

Nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole. Sisi Tanzania tulikuwa na tatizo la aina nyingine: imani ilikuwepo, tena kubwa. Rais Magufuli alipotangaza siku tatu za maombi Aprili 2020, watu waliomba kwa dhati. Mwanzoni mwa Mei takwimu zilikoma, zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tukajifukiza nyungu. Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais alizitilia shaka chanjo, na mamilioni walimwamini kwa sababu walimpenda. Misiba ilipozidi, tukasema "changamoto ya upumuaji". Siku chache baada ya hotuba ile ya Chato, chama cha ACT-Wazalendo kilisema wazi kwamba kiongozi wake, Maalim Seif Sharif Hamad, anaugua korona. Alifariki Februari 17. Julai 28 mwaka uleule Rais Samia Suluhu Hassan, aliyemrithi Magufuli, alichanjwa hadharani, na wengi bado walisita. Walikuwa na sababu: serikali hiyohiyo ilikuwa imewaambia kinyume miezi sita tu nyuma. Imani ya watu ni amana, na anayeipokea anawajibika kuwapa ukweli hata unaomuumbua.

Tena tuna deni la mtoni. Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, maelfu walikimbia, wengi wakielekea Ruvuma. Kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, kufikia Julai mwaka huo zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania tangu Januari, kupitia kituo cha mpakani cha Negomano. Najua kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa Oktoba 2020 na hofu yetu ilikuwa ya kweli. Lakini kipindupindu hakisomi hati za mpakani, na siku tutakapohitaji mama wa ng'ambo atuambie mapema kwamba kijijini kwao watoto wanaharisha, atakumbuka tulimpokeaje.

Sasa watu wanarudi katika vijiji vya Palma. Wanakuta vituo vya afya vilivyobomolewa, maana vita viliharibu zaidi ya theluthi ya vituo vya jimbo zima. Wakati wa kutafuta imani yao ni huu, kabla ya mlipuko. Pampu itengenezwe kiangazi. Maiti aoshwe na jamaa zake wenyewe, wakiwa wamefundishwa na kupewa glavu, badala ya kuchukuliwa na wageni. Shehe, mwalimu wa madrasa na mkunga waitwe wakati mpango bado haujaandikwa, wakiwa na uwezo wa kusema hapana. Idadi ya wagonjwa isomwe kijijini ilivyo, ikipanda na ikishuka. Na mhudumu wa afya wa jamii atoke hukohuko, ajue Kimakonde na Kimwani, alale kijijini, na posho yake ilipwe mwezi kwa mwezi, hata mwaka ambao hakuna mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu.