Usiku mmoja mu parkingi: bei gani inafaa?

Maneno yaliyosemwa ku mkutano mkubwa wa umoja wetu, Mulungwishi

Komite imetuomba tuseme juu ya jambo moja tu, lile ambalo limetugawanya mwezi mzima: bei ya kulala mu lupango yetu ya kamyo.

Wengine wetu wanasema: tupandishe bei ya usiku, tena tuongeze malipo ya kando, ya kuingia, ya maji, ya choo, ya zamu, ya kutoka asubuhi. Wengine wanasema: tuache vile iko, shofere naye ni mtoto wa mtu. Leo tutapiga kura. Lakini mbele ya kura tufanye hesabu pamoja, juu kisanduku chetu cha msaada kinakula ku hii lupango. Feza ya kilio, feza ya ugonjwa, feza ya masomo ya watoto, yote inatoka hapa.

Tuanze na barabara. Mulungwishi iko ku barabara nambari 1, kati ya Likasi na Kolwezi, kilometa kama 30 hivi kutoka Likasi. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa karibu 120. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu 180. Shaba na kobalti ya Fungurume na ya Kolwezi inapita mbele yetu, inashuka Kasumbalesa, inaingia Zambia, na kutoka kule inaenda ku bahari, Dar es Salaam ao Durban. Upande mwingine wanakuja na kiberiti, chokaa, mazutu, mashini na unga. Mwaka 2023 inchi yetu ilitoa shaba karibu tani milioni 2.8. Kamyo moja kubwa inabeba tani kama 30. Gawanyeni wenyewe: ni safari zaidi ya 90,000 kwa mwaka, ni kusema zaidi ya 250 kila siku. Hazipite zote hapa. Kuna zinazofuata njia zingine, kuna shaba inayopakiwa ku treni. Lakini hata sehemu ya hesabu hiyo inatosha kujaza lupango yetu kila jua likishuka.

Sasa huyu mtu anayelala kwetu, ni nani? Shofere hana hoteli. Kamyo yake njo nyumba yake: nyuma ya kiti kuna kitanda kidogo, pembeni kuna jiko, sufuria na kidumu cha maji. Safari moja inaweza kula majuma mazima. Huko Marekani kuna wazee waliomaliza kazi ambao wananunua motokari zenye kitanda na jiko ndani, wanazunguka inchi, na kila usiku wanalipa mahali pa kusimama penye maji na umeme. Nao wanateta maneno yaleyale tunayosikia hapa: bei ya usiku iko juu, na juu ya bei kuna malipo ya mbwa, ya gari la pili, ya kuchagua mahali. Wengine wanachoka, wanaenda kulala bure mu parkingi ya duka kubwa. Tofauti ni hii: wale wako mapumziko, lakini shofere wetu iko kazini. Akilala vibaya, kesho analeta usingizi wake mu barabara yetu.

Shofere ananunua kitu gani kwetu? Mahali pa kusimama iko bure, pembeni ya lami, kilometa mbili mbele. Kwetu ananunua usingizi. Kamyo inalala na mazutu litre mia na mia mu tanki. Mwizi mwenye mpira na vidumu hahitaji usiku mzima. Mwingine anakata bashi, anashusha mzigo. Asubuhi patron hatamtafuta mwizi. Atamuuliza shofere, na atakata ku mshahara wake. Usiku mmoja mubaya unaweza kumaliza kazi ya mwezi. Kwa hiyo wale wanaosema bei kubwa inaweza kuwa bei nzuri, wana haki. Zamu wawili wasiolala, taa isiyozima, ukuta usio na tundu: ile inashinda feza ya usiku mara mingi.

Wana haki tena kwa jambo la pili. Lupango inakula feza. Mvua inaanza kama Novemba mpaka Aprili. Kamyo yenye mzigo ikiingia ku bulongo laini inazama mpaka ekseli. Kuitoa kunahitaji kamyo ingine na nusu siku. Sherti changarawe. Sherti choo kichimbwe na kitunzwe. Sherti zamu alipwe, maana zamu asiyelipwa njo wa kwanza kuonyesha mwizi njia. Vitu hivi havitoki ku bei ndogo. Anayesema tuache bei ya zamani, atuonyeshe mahali changarawe itatoka.

Lakini malipo ya kando ni habari ingine. Tuchukue mfano; hizi si bei zetu, ni namba za kufanyia hesabu. Lupango ya kwanza inaandika ku mlango franka 10,000, kila kitu ndani. Lupango ya pili inaandika 6,000. Shofere anafurahi, anaingia. Halafu maji, 1,000. Choo, 500 kila mara, na mara tatu ni 1,500. Usiku zamu anagonga mlango wa kamyo: 2,000. Asubuhi, kufunguliwa mlango: 1,000. Jumlisheni: 11,500. Lupango iliyoonekana rahisi imeshinda ile ya ghali. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini hapa kibaba kinajazwa kutoka mufuko wa mgeni wakati hajaambiwa.

Mtasema: vizuri, tumepata 1,500 juu. Usiku wa kwanza, ndiyo. Lakini mashofere wana simu. Mmoja akisema kwa wenzake, "Pale Mulungwishi wanakulipisha mpaka kupumua," usiku wa pili wanapita. Tuseme kamyo 20 zililala kwa 10,000: ni franka 200,000. Tuseme kwa sababu ya jina mubaya zinabaki 8, kila moja 11,500: ni 92,000. Kisanduku cha msaada kimepoteza zaidi ya nusu, na zamu ni walewale, taa ni ileile.

Tena, tuangalie feza inatoka wapi. Wengi kati ya mashofere wanapewa feza ya njia, hesabu moja, mbele ya safari. Patron hataongeza kwa sababu choo cha Mulungwishi kinalipiwa mara tatu. Kinachobaki ku ile feza njo chakula cha shofere njiani na sukari ya watoto wake. Wamama wanaouza bukari, sombe na tomsoni pale mlangoni wanajua kushinda sisi wote: shofere aliyekamuliwa ndani ya lupango hanunui sahani, anakula mkate na maji. Malipo ya kando tunayachukua ku mufuko wa mama yetu wenyewe, kisha tunayaweka mu kisanduku, kisha tunampa yule mama kama msaada. Ni kutembeza feza bure.

Na kuna jambo zito kushinda feza. Anayeshindwa na bei hatarudi Likasi. Atasukuma mbele, atasimama pembeni ya lami mu giza, bila taa, magurudumu mawili ndani ya barabara. Ao ataendelea na safari huku macho yanafunga. Barabara ile njo njia ya watoto wetu kwenda masomo na njia ya wamama kwenda soko. Hatujasahau Februari 2019 kule Kabwe, ku barabara hii hii upande wa Kolwezi: kamyo ya asidi iligongana na magari mengine, asidi ikamwagika juu ya watu, na watu wasiopungua 18 walikufa. Hatusemi ajali ile ilitoka ku usingizi. Tunasema kwamba kwa barabara ya namna hii, kila kamyo iliyolala ndani ya ukuta ni hatari moja imepunguka nje.

Choo nacho tukifikirie vizuri. Choo cha kulipa kando, mtu mwenye feza kidogo anakikimbia, anaingia mu matiti, na mvua inateremusha yote ku mto na ku visima. Haut-Katanga inajua kolera. Hatuna lazima ya kufundishwa. Kwa franka 500 tunanunua ugonjwa, halafu kisanduku kinalipa hospitali.

Sisi tuliorudi tunalijua jambo hili ndani ya mwili. Wengine wetu walikaa Meheba, wengine Mwange na Kala huko kaskazini ya Zambia, na kuanza mwaka 2007 wengi walirudi. Wale waliorudi kwa njia yao wenyewe wanakumbuka bariere. Ku kila bariere kulikuwa mtu mwenye jina jipya la malipo: ya mizigo, ya karatasi, ya kuangalia karatasi. Feza iliuma, ndiyo. Lakini kilichouma zaidi ni kutojua itaishia wapi. Ungeambiwa bei nzima asubuhi, ungeamua: ninaenda ao ninabaki. Mtu anayeambiwa kipande kipande anakuwa kama amefungwa, maana amekwisha kuingia na hana namna ya kurudi. Sisi hatuwezi kuwa bariere ya watu wengine.

Hata kule Marekani wameona ubaya huu. Tangu tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni ya serikali: hoteli na nyumba za kulala za muda mfupi, zikitangaza bei, sherti zionyeshe bei nzima pamoja na malipo yote ya lazima. Bei inaweza kuwa kubwa kama mwenyewe anavyotaka. Kufichwa njo kumekatazwa.

Basi, jibu letu kwa swali la leo ni hili. Bei kubwa ya usiku inafaa kama inanunua usingizi wa kweli, na kama imesemwa yote ku mlango. Malipo ya kando yanafaa tu kwa kitu ambacho mtu anaweza kukataa na bado akalala salama. Tuweke kila kitu ku mizani hiyo. Shofere anaweza kukataa zamu? Hapana, basi zamu iko ndani ya bei. Anaweza kukataa choo? Hapana. Maji ya kunywa na ya kunawa? Hapana. Kufunguliwa mlango asubuhi? Hapana kabisa. Anaweza kukataa maji moto ya kuoga, kufuliwa nguo, kuoshewa kamyo, sahani ya bukari? Ndiyo. Hivyo vilipiwe kando, na bei yake iandikwe.

Kutoka hapo tunaleta mbele yenu maombi matano.

Kwanza, bei moja ya usiku, iandikwe ku ubao mkubwa ku mlango, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, juu mashofere wengi wanatoka Zambia na Tanzania.

Pili, kila anayelipa apewe risiti yenye namba, na daftari lisomwe ku mkutano kila mwezi. Zamu asishike feza.

Tatu, kazi itangulie bei. Changarawe na taa ziwekwe mbele ya mvua; siku shofere ataona taa, siku hiyo tunapandisha. Kupandisha kwa ahadi tu hatutaki.

Nne, kamyo ya asidi isilale mu lupango yetu. Tunajua inalipa vizuri. Lakini kisima kiko karibu, na nyumba ziko karibu. Siku tutapata mahali pa mbali na watu waliofundishwa, tutasema tena. Mpaka siku hiyo, hakuna bei ya usiku inayotosha kwa jambo lile.

Tano, mtoto yeyote asiuze kitu ndani ya lupango giza likiingia. Wamama wakubwa wauze ku mlango, chini ya taa. Tunajua vizuri kinachofuata watoto wa kike mahali kamyo zinalala, na feza ya kisanduku haiwezi kurudisha kile kinachopotea pale.

Wandugu, wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akukamue. Shofere aliyelala vizuri kwetu atarudi juma lijalo, na atakuja na mwenzake, na wote wawili watakula kwa mama. Kisanduku kitajazwa na watu wanaorudi. Sisi wenyewe tulirudi, tunajua mtu anarudi wapi: anarudi mahali alipotendewa haki.

Kura itafanywa kwa kuinua mukono, ombi moja moja. Aliye na neno la kupinga asimame sasa, alete na hesabu yake, tuisikilize.