Mnada wa Korosho kwa Kompyuta Wahitaji Makarani Waaminifu



Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao la korosho hapa Mtwara, mwaka 2007, wanunuzi walitia zabuni zao sandukuni, zikafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024 mnada huendeshwa kwa mtandao wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi hutaja bei akiwa mbali, na wakulima waliokusanyika Newala au Tandahimba huiona papo hapo. Katika minada ya mwanzo ya msimu ule, bei ya kilo moja ilivuka shilingi 4,000.

Wapo wanaodhani kwamba kompyuta imeifupisha safari ya korosho. Sivyo. Korosho ya Kilambo, kando ya Mto Ruvuma, ingali ikibebwa kwa magunia hadi chama cha msingi, ikapimwa, ikapelekwa ghala kuu, kisha ikasafirishwa kwa meli; na sehemu kubwa hubanguliwa India na Vietnam. Kilichobadilika ni msingi wa kuaminiana. Mnunuzi aliyekuwa akitia mkono guniani leo hununua maandishi: uzito, daraja na kiasi cha unyevu.

Kwa hiyo karani anayeandika "daraja la kwanza" juu ya korosho isiyokauka hamdhulumu mgeni peke yake. Mnunuzi akishadanganywa, msimu ujao atashusha bei ya ghala zima, na mkulima aliyeanika korosho zake kwa bidii atalipia hila za mwingine.

Aidha, tusijidanganye kwamba kompyuta imekwisha kumshinda mlanguzi. Kompyuta huuza kilichofika ghalani tu. Haimwoni mkulima ambaye, kwa shida ya chakula au ada ya mtoto, alikwisha kuchukua fedha za kangomba kabla ya mavuno. Korosho yake itafika mnadani kwa jina la mtu mwingine, na bei nzuri itamnufaisha huyo mwingine. Dawa ya kangomba ni mkopo wa haki wakati wa shida, na hilo ni jukumu la vyama vya ushirika.

Jambo la mwisho ni makato. Bei itangazwayo mnadani siyo fedha imfikiayo mkulima. Katikati yapo makato ya chama, ya ghala, ya usafirishaji na kadhalika. Mkulima asiyeweza kuyahesabu hubaki na manung'uniko, na manung'uniko ndiyo mlango wa mlanguzi.

Ndugu zangu, kazi hiyo ni yetu. Mwalimu na afundishe hesabu kwa stakabadhi halisi ya korosho, ili mtoto aweze kumsomea mzazi wake jioni. Afisa ushirika na abandike makato yote ukutani, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya mnada. Karani na apime kwa haki. Tukifanya hivyo, mkulima ataijua haki yake, na mnunuzi wa mbali atayaamini maandishi yetu.