Fedha Haijitumi: Lugha na Maadili ya Fedha



Swali tutakalolitafakari ni la kale: je, fedha ni kitu chema au kiovu? Wanafalsafa na viongozi wa dini wamelijadili kwa karne nyingi. Mimi nitalikabili kwa njia ya taaluma yangu, yaani kwa kuisikiliza lugha.

Tuanze na majina. Fedha ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini. Pesa limetoka Bara Hindi kwa njia ya biashara. Hela ni Heller ya Wajerumani, ambayo tangu mwaka 1904 ilihesabiwa 100 kwa rupia moja. Shilingi ilikuja na Waingereza mwaka 1921. Utawala wa Kijerumani uliondoka, hela ikabaki vinywani. Majina yote haya ni ya mkopo, wala hayana hukumu ndani yake. Hukumu imo katika vitenzi: kuchuma, kutunza, kuhonga, kudhulumu, kula.

Kitenzi kikuu ni kutumia. Kiumbo, hiki ni kauli ya kutendea ya kutuma. Ndiyo maana twasema kutumia fedha, na pia kumtumia mtu fedha. Kwa mujibu wa umbo hilo, fedha ni kitu kinachotumwa. Na kinachotumwa hakijitumi.

Wapo watakaopinga kwamba fedha yenyewe hulazimisha watu, na watataja kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyowasukuma wakulima kutafuta vibarua ili wapate rupia. Ni kweli walilazimishwa. Lakini kodi hiyo nayo ilikuwa na aliyeitunga na aliyeitoza.

Sasa zipimeni sentensi hizi tatu. "Mhasibu ametumia vibaya fedha za shule." "Fedha za shule zimetumiwa vibaya na mhasibu." "Fedha za shule zimetumika vibaya." Ya kwanza inamweka mtendaji mbele. Ya pili inamsogeza nyuma, ila mlango uko wazi. Ya tatu, iliyo katika kauli ya kutendeka, kwa kawaida haina nafasi yake kabisa. Watoto wamekosa madawati, na sarufi imemsitiri aliyewakosesha.

Msamiati nao husitiri. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, neno la ukarimu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2008 waziri mmoja aliita vijisenti akiba yake ya ng'ambo iliyozidi dola milioni moja. Kiambishi cha udogo kilitwishwa mzigo mkubwa, na wananchi wakalifanya neno hilo kuwa kejeli.

Lakini lugha hiyohiyo hujenga. Tangu huduma za fedha kwa simu zienee, kijana wa Dar es Salaam amtumiapo mama yake wa Iringa shilingi 20,000 huongeza "ya kutolea", ili makato ya wakala yasimpunguzie mama. Ni maneno mawili tu, lakini yamebeba adabu nzima: mtumaji amefikiri mpaka mwisho wa safari ya fedha yake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wema na uovu ni wa mtumaji. Wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa waandishi, wakaguzi, walimu wakuu na wabunge. Mkikutana na "zimetumika", ulizeni: zimetumiwa na nani, na kwa ajili ya nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba daftari lisilomtaja mtendaji halijatoa habari.