Tuandike Majina Nyuma ya Picha



Mchoro wa mji wetu wa Mombasa ulichapishwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572. Hata hivyo, haumtaji mvuvi wala fundi wa majahazi kwa jina.

Klabu ya Mombasa, iliyo karibu na Fort Jesus, ilianzishwa mwaka 1897. Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliingia klabu za aina hiyo kama mtumishi tu. Ndiyo maana picha za kale katika klabu nyingi zinawaonyesha wakubwa, majina yakiwa chini ya fremu. Mpishi na mpagazi wakionekana, hawana majina.

Tunaomba klabu ziwafungulie wanafunzi milango, japo siku moja kwa mwaka, waone na waulize.

Nasi tuanzie nyumbani. Toeni albamu, ketini na wazee, muulize nani ni nani. Andikeni majina, mahali na mwaka nyuma ya picha kwa penseli laini, si kalamu ya wino. Msitumie selotepu. Ziwekeni mbali na jua na unyevu.

Mzee akiondoka na majina, picha hubaki sura tu.