Chagua Kazi Pamoja na Njia Yake

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana na wazazi wao. Tumeiacha kama ilivyosemwa.)



Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana ambao ndio hasa wenye kikao hiki, Ramadhan Karim. Najua mumetoka kufuturu na Tarawehe inatungoja, kwa hivyo sitawaweka sana.

Kila tukiwauliza vijana wetu wataka kuwa nani, hakosi mmoja wa kusema rubani. Wenzake hucheka, na mzazi huanza kupiga hesabu ya karo. Mimi sicheki, maana marubani wanaoturusha nao walikuwa watoto wa mtu, wakakaa madarasani kama nyinyi. Hilo la karo ni zito na lataka siku yake. Leo nataka tuzungumze juu ya siku ya mbele zaidi, siku ambayo leseni ishapatikana na kijana ana barua mbili za kazi mkononi. Aende kampuni gani? Na akishaajiriwa, kila siku atafikaje kazini?

Hilo swali la mwisho laonekana dogo. Lakini ndilo linalokula umri wa watu. Kwa hivyo hata wewe unayetaka kuwa muuguzi, karani wa bandarini au mwalimu, usitoke. Haya yanakuhusu.

KISA CHA MAREKANI

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air iliondoka Newark, karibu na jiji la New York, ikielekea Buffalo. Haikufika. Ilianguka juu ya nyumba ikiwa karibu kutua. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kukosea pale ndege ilipompa onyo kwamba mwendo umepungua. Alivuta usukani nyuma badala ya kuusukuma mbele. Lakini hawakuishia hapo. Waliuliza swali ambalo mama yeyote angeliuliza: hawa watu usiku wa kuamkia siku ile walilala wapi?

Kituo chao cha kazi kilikuwa Newark. Kapteni nyumbani kwake ni Florida. Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, kiasi cha kilomita 3,900. Hebu fikiria, kutoka Nairobi hadi Dubai hakufiki umbali huo! Ili awahi kazini, usiku kucha alisafiri kwa ndege za mizigo, akipitia Memphis, akafika Newark asubuhi. Kapteni naye alilala katika chumba cha mapumziko cha wafanyikazi pale uwanjani. Hakuna hata mmoja aliyelala nyumbani wala hotelini. Ripoti ya mwaka 2010 ilisema kwamba uchovu huenda uliwapunguzia uwezo wote wawili, ingawa wachunguzi hawakuweza kupima ulichangia kiasi gani katika ajali.

Sheria ikabadilika. Tangu Januari 2014, rubani wa ndege za abiria Marekani lazima apewe mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na katika hizo apate nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Vizuri sana. Lakini sheria hiyo haikumwambia mtu aishi wapi. Rubani bado aweza kuishi mji mmoja na kazi yake iko mji mwingine, na wako wengi hadi leo.

Mtu atauliza, kwa nini wajitese hivyo? Si wajinga. Wakati wa ajali ile, rubani mpya mara nyingi alianza na mshahara mdogo, na nyumba karibu na viwanja vikubwa ni ghali. Wengine wana wazazi au watoto hawawezi kuwahamisha. Wengine waliajiriwa mji mmoja, kampuni ikawahamishia kituo kingine. Kila mmoja aliweka sahihi akiangalia mshahara na ndege atakayorusha, na ile njia ya kwenda kazini akasema, "hiyo tutaona mbele." Huko mbele ndiko tunakokuzungumzia.

KABLA HUJATIA SAHIHI

Sasa turudi kwa kijana wetu mwenye barua mbili. Kuna mambo ambayo ningependa ayaulize, na asione haya kuuliza.

Kwanza, kituo cha kazi kiko wapi? Mwenye kuajiriwa na makampuni ya Wilson yanayokwenda mbugani, mara nyingi atakuwa amerudi kabla ya Magharibi, kwa sababu viwanja vingi vya kule havina taa za usiku. Ndege ni ndogo na jina si kubwa, lakini analala kwake. Mwenye kuajiriwa na shirika kubwa lililoko uwanja wa Jomo Kenyatta atarusha ndege kubwa, lakini ajue kuna zamu za kuamka saa nane usiku, na kuna usiku wa kulala nchi za watu. Mwenye kwenda Dubai au Doha atalipwa vizuri, lakini mama yake atamuona kwa likizo.

Sisemi hii ni bora kuliko ile. Nasema kila moja ni maisha tofauti, na barua ya kazi haikwambii hivyo.

Pili, nikihama baadaye, nitapoteza nini? Katika mashirika ya Marekani, na mengine mengi yenye vyama vya wafanyikazi, kuna orodha ya waliotangulia. Aliyeingia mapema ndiye anayechagua mwanzo: zamu, likizo, kituo, hata zamu yake ya kuwa kapteni. Ukiacha kampuni ukaenda nyingine, hata kama umerusha ndege miaka 15, unaanzia mwisho wa orodha. Tena kuna mikataba inayomfunga rubani miaka kadhaa kwa sababu kampuni imemlipia mafunzo ya aina fulani ya ndege, na akiondoka mapema anadaiwa. Soma karatasi yote. Ikiwa kuna mkopo ndani yake, tazama kama una riba, na uwaulize wanaojua kabla ya kutia kidole.

Tatu, kampuni yenyewe imesimama vipi? Mnamo Novemba 2012, kampuni ya Jetlink ya hapa kwetu ilisimamisha safari zake baada ya fedha zake kukwama Sudan Kusini. Ndege zilikuwepo, abiria walikuwepo, lakini kazi zikasimama. Na mwaka 2020, korona ilipoingia, hata mashirika makubwa ya Ghuba yaliwaachisha kazi marubani. Kumbuka kule Ghuba mgeni hukaa kwa kibali cha kazi, na mara nyingi nyumba pia ni ya kampuni. Kazi ikiondoka, kibali na nyumba vinaifuata. Kwa hivyo anayekwenda huko aweke akiba tangu mshahara wa kwanza.

Nne, ratiba hutolewa siku ngapi kabla? Na zamu ikianza saa kumi alfajiri, kampuni hutuma gari kukuchukua au utajijua mwenyewe? Jambo hili wengi huliona la aibu kuuliza. Lakini gari la kukuchukua usiku ni sehemu ya mshahara, bwana.

Tano, na hili ndilo kubwa: rubani akisema "leo nimechoka, siwezi kurusha," anafanywa nini? Usimuulize meneja peke yake. Watafute marubani wawili watatu wa pale, uwaulize faraghani. Kampuni inayomuadhibu mtu kwa kusema ukweli huo, hata ikilipa maradufu, inakununua wewe pamoja na roho za abiria. Abiria ni amana. Kila mmoja wao ana mtu anayemngoja nyumbani.

HESABU YA SAA

Nipeni dakika moja ya hesabu. Sheria za Marekani zinamkataza rubani wa ndege za abiria kurusha zaidi ya saa 1,000 katika siku 365. Wameona kupita hapo ni hatari.

Sasa mchukue ndugu yetu anayeishi mbali na kazi yake. Anatumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa siku 240 za kazi katika mwaka. Saa 4 mara 240 ni saa 960. Yaani huyu karani, muuza duka au mwalimu, kwa mwaka mmoja anakaa kwenye matatu karibu saa zile zile ambazo rubani anaruhusiwa kuwa angani! Tofauti ni kwamba rubani analipwa kwa saa zake na sheria inamlinda asizidishe. Wewe unalipa nauli, na hakuna anayekuhesabia.

Saa 960 ni siku 40 kamili, usiku na mchana. Ukizitoa katika mwaka, zinatoka wapi? Zinatoka kwenye usingizi wako, swala zako, wazazi wako na watoto wako. Ndiyo maana nasema usihesabu mshahara kabla ya kuitoa njia. Kazi ya shilingi 60,000 iliyo umbali wa kutembea kwa miguu yaweza kuwa bora kuliko ya 75,000 inayokurudisha nyumbani watoto wamelala. Toa nauli, toa chakula cha nje, kisha tazama kilichobaki na ujiulize kama kinafaa kununua siku 40.

KUIFANYA NJIA IWE NA RAHA

Haya, tuseme umeshaajiriwa na kuhama huwezi. Kuna la kufanya? Lipo.

La kwanza, ukiweza kusogea, sogea. Mwenye kazi Wilson akiishi South C, ni jirani. Mwenye kazi uwanja wa Jomo Kenyatta ana Embakasi au Syokimau. Chumba kidogo karibu na kazi mara nyingi chapendeza kuliko nyumba kubwa unayoiona gizani tu.

La pili, ondoka kabla ya umati. Anayetoka mara tu baada ya swala ya Alfajiri na anayetoka saa moja kasorobo hawaendi kwenye barabara moja, ingawa jina ni lile lile. Ukifika mapema, ile nusu saa ya kungoja ni yako: unywe chai, usome. Mtu anayetazama saa kila baada ya dakika hawezi kufurahia safari, hata apandishwe gari la kifahari. Raha ya njiani, asili yake ni kutokimbizwa.

La tatu, chagueni wenzenu. Wanne wa mtaa mmoja wenye kazi upande mmoja wakichanga mafuta, ni gari moja badala ya manne, na mazungumzo mazuri juu yake.

La nne, iwekee njia kazi yake. Ukiwa abiria, siyo dereva, chagua jambo moja tu: kuhifadhi sura, kujifunza lugha, kusoma kitabu cha mtihani wako. Jambo moja kila siku kwa mwaka mzima litakufikisha mahali. Na ukiwa umechoka, lala! Kulala kwenye basi si uvivu. Dereva naye akisikia usingizi, aegeshe gari.

La tano, ni kwa wale wa mbali, marubani na wengineo. Usipange safari ya mwisho inayowezekana. Ikiwa kuna ndege au basi mbili zitakazokufikisha kwa wakati, panda ya mwanzo, ili ile ya pili iwe akiba. Na ikiwa zamu ni alfajiri, nenda jioni yake ukalale karibu. Wanne wakikodi chumba pamoja, gharama huwa ndogo. Barabara ya juu ya Nairobi, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa mwaka 2022, ina ada. Si lazima kuilipa kila siku. Lakini siku ya zamu nzito, ada ile ni nafuu kuliko kufika kazini moyo unakudunda.

NA RAMADHAN JE?

Mwezi huu foleni za jioni zinakutana na Magharibi, na sote tunajua hali inavyokuwa. Weka tende na chupa ya maji mfukoni kila siku, hata ile unayodhani utawahi. Ukiwa nazo, huna haja ya kumpigia dereva kelele wala kukimbizana na pikipiki. Na uweke tende za ziada, umpe na jirani yako kwenye kiti.

Kwa rubani, msafiri amepewa rukhsa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Kampuni nyingine zina kanuni zao juu ya kufunga ukiwa kazini. Uliza mapema, na uwaulize pia mashekhe. Wala mtu asione amepungukiwa kwa kutumia rukhsa aliyopewa na Mola wake, hali amebeba roho za watu mgongoni.

Wazazi, neno langu la mwisho ni kwenu. Kijana akija na habari ya kazi, msimuulize tu "watakulipa ngapi?" Muulizeni pia, "utakuwa ukirudi saa ngapi?" Na kijana, ukiulizwa, usijibu harakaharaka. Nenda ukaipite njia hiyo siku mbili, asubuhi na jioni, saa zile zile za kazi. Kisha ndipo utie sahihi.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atufikishe salama tuendako na turudiko. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.