Ndama Anayehara Siku za Mwanzo: Mazungumzo na Wafugaji wa Mbweni

 

Leo tuzungumze juu ya ndama anayezaliwa mzima jioni, kesho yake anahara maji ya manjano, na keshokutwa mnamfukia. Wengine husema ni jicho la mtu. Mara nyingi ni bakteria.

Bakteria huyo ni aina ya E. koli. E. koli wengi huishi tumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru. Huyu mbaya ana sumu, na ana vinyweleo vidogo sana mwilini ambavyo wataalamu huviita fimbria. Mnazijua mbegu za kishonanguo, zinavyonasa kwenye kanga ukipita porini. Vinyweleo hivyo hufanya kazi kama hiyo. Utumbo husukuma chakula mbele wakati wote, na bakteria asiye na cha kushikia hutoka na kinyesi. Mwenye vinyweleo hunasa ukutani, huzaana, kisha sumu yake huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili. Ndama hufa kwa kukaukiwa maji.

Sasa sikilizeni hapa. Vinyweleo hivyo haviwi nje wakati wote. Aina inayowashika ndama huitwa K99. Ikikuzwa maabara kwenye joto la nyuzi 37, karibu na joto la mwili, huota vinyweleo. Kwenye nyuzi 18 haioti. Palipo na uchachu mwingi pia hupungua. Kwa hiyo bakteria aliyelala kwenye kitu baridi huota mikono yake akishaingia mwilini. Msitegemee hali ya hewa, maana ardhi yetu ya Mbweni ni nadra kupoa hivyo.

Ndama mchanga ndiye anayempokea vizuri zaidi. Tumbo lake bado halina uchachu wa kutosha kumuua bakteria, na utumbo wake bado unashikika. Baada ya siku chache haushikiki kirahisi. Ndiyo maana ugonjwa huu hupiga zaidi katika siku nne za mwanzo. Ndama wa wiki mbili akihara, tafuteni sababu nyingine.

Tufanye nini?

Kwanza, dang'a. Msiimwage, wala msiwape mbwa. Kinga iliyomo huvifunika vile vinyweleo, bakteria akakosa pa kushika. Nchi nyingine huchanja ng'ombe mwenye mimba dhidi ya vinyweleo hivyo, ili kinga ipite kwenye dang'a. Ndama anyonye ndani ya saa mbili, na ndani ya saa sita awe amepata lita moja kwa kila kilo kumi za uzito wake. Ndama wa kilo 30 apate lita tatu. Baada ya saa 24 kinga haipiti tena kuingia kwenye damu. Asiyeweza kusimama, mkamulieni mama yake, mpeni kwa chupa safi.

Pili, usafi. Ng'ombe azalie mahali pakavu penye matandiko mapya. Osheni kiwele na chuchu kabla ndama hajanyonya, na nawini mikono kwa sabuni. Anayehara atengwe, na ahudumiwe mwisho, baada ya wazima.

Tatu, akishahara, maji kwanza. Vuteni ngozi ya shingo kisha achieni: ikikaa imejikunja zaidi ya sekunde mbili, amekaukiwa. Nunueni duka la dawa za mifugo pakiti ya chumvi za ndama yenye glukosi, mchanganye kama ilivyoandikwa. Sukari ya chai haifai, ndama haisagi. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi, na maziwa msiyakatize. Akilala, masikio yakawa ya baridi, macho yakazama, mwiteni mtaalamu saa hiyohiyo.

Nimeyasema haya kwa sababu nilikosea. Mwanzoni mwa kazi niliitwa kwa ndama jike wa siku mbili. Nilimchoma sindano, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Sikuuliza kama alipata dang'a, wala sikuacha maji ya chumvi. Alfajiri mama mwenye ng'ombe alinipigia simu kuniambia amekufa. Yule angekuwa mtamba, na leo angekuwa anakamuliwa.

Mwenye ng'ombe anayekaribia kuzaa, aandae leo chupa, matandiko na sabuni.